Ujumbe Uliolala kwa Katibu

Fundi cherehani, kipa wa timu ya mtaa, alifungwa manne Jumamosi, na hasira zote akazihamishia kwenye simu. Aliandika kwamba refa amehongwa, akapamba kwa matusi. Bahati yake, klabu yao ina sharti: siku ya mechi hakuna anayeweka neno mtandaoni, kila andiko la ukurasa wa klabu hutumwa kwa katibu, likalala kwake mpaka asubuhi.

Kulipokucha akatazama video ya mechi. Mabao yote halali, na la nne alilisukuma wavuni mwenyewe kwa kisigino. Refa yule ni fundi viatu, jirani yake wa ukuta mmoja; tuhuma ya hongo ingemnyang'anya filimbi anayoipenda kuliko chakula.

Akampigia katibu mbiombio.

"Dada, ule ujumbe umeupandisha?"

"Upi? Wa matusi, au wa matusi zaidi?"

"Nihurumie, dada!"

"Haujatoka. Kwenye klabu hii lazima awepo mtu wa kudaka."

Fundi akacheka mpaka machozi. "Umenistiri, dada yangu. Mungu akuzidishie."

Kisha akatoka nje, akamkuta jirani anapiga msumari kwenye soli, akamwambia, "Jana ulichezesha vizuri, ndugu yangu."