Mwanamke wa Kitambaa cha Njano

Kila tarehe tisa ya mwezi wa kumi, Zdravka hubandika mlangoni kwake tangazo la kumkumbuka mama yake. Hapa mjini kwetu Predelnik milango, nguzo na vituo vya basi vimejaa matangazo kama hayo, na kwenye kila moja marehemu anakutazama usoni. La mama yake Zdravka lina msalaba tu. Mafuriko yaliingia kwenye ghala la chini ya nyumba yao zamani, yakaondoka na sanduku la picha zote.

Mwaka jana Ignatka wa duka la mikate alimtania mbele ya foleni nzima, "Wewe Zdravka, kwani mama yako alizaliwa hana uso?"

Zdravka alicheka na wenzake. Mimi nilikuwa nyuma yake. Tulipopanda ngazi, maana tunaishi mlango kwa mlango nami humwita shangazi, niliona mkate wote ameuminya ukawa bapa.

Ana miaka hamsini na sita. Hospitalini anapiga picha za mifupa. Jumamosi na Jumapili huzunguka na kamera ya filamu iliyomzidi umri, akipiga shule zisizo na watoto na stesheni zisizo na treni. Nilidhani anapenda magofu tu, kama wengine wanavyopenda paka. Kumbe alikuwa akisubiri gofu moja. Mama yake alifariki Zdravka akiwa na miaka minne. Mama huyo alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nyuzi, na shangazi yake Zdravka, kabla ya kufa, alimwambia kwamba ukuta wa kantini ya kiwanda una mchoro wa wanawake, na mchoraji alichora sura za wafanyakazi wenyewe. "Mama yako ni yule wa kitambaa cha njano." Lakini kiwanda kilipofungwa ukuta ulipakwa chokaa, na geti likatiwa kufuli.

Mwezi wa tisa Radko, mlinzi wa kiwanda, alimnong'oneza kwamba paa limetoboka, mvua imeosha chokaa, na wanawake wameanza kutokea ukutani. Akaongeza kwamba Ijumaa katapila linakuja kubomoa.

Ijumaa hiyo sikwenda shule. Zdravka alimpelekea Radko sinia zima la banitsa, ule mkate wa tabaka wenye jibini, bado ya moto.

"Dakika ishirini," Radko alisema, mdomo umejaa. "Wameanza upande wa bweni, kantini wataifikia mchana. Simu zenu hapa mezani. Kuna mjinga alirusha picha mtandaoni, nikakatwa mshahara."

Tukaziweka. Akaitazama kamera shingoni mwa Zdravka. "Na hilo dude? Redio?"

"Redio," Zdravka alijibu.

"Mama wee, hata babu yangu angeitupa. Piteni."

Kantini ilikuwa na giza na harufu ya njiwa. Sakafu ilikuwa imeoza katikati, tukatembea tumeegemea ukuta kama wezi. Mwishoni kabisa walisimama wanawake watano, warefu kuliko binadamu. Wa tatu alikuwa na kitambaa cha njano. Zdravka alitoa begini stendi ya miguu mitatu, akafunga kamera juu yake, akapima mwanga.

"Flashi haifai, chokaa iliyobaki itang'aa yote. Sekunde nane kila picha, na kamera isitikisike," alisema. "Nina picha sita zimebaki. Usipumue karibu yangu, Bilyana."

Akabonyeza. Moja, mbili, tatu... Hapo ndipo katapila lilipogonga upande wa pili. Vumbi lilitushukia kichwani na sakafu ikatetemeka kama sahani kwenye treni. Stendi nayo ikatetemeka.

"Hiyo imeharibika," alisema. Akavuta filamu mbele, akarudia. Likagonga tena. Akarudia. Likagonga. Zilibaki tatu, na kipande cha dari kilianguka mahali nilipokuwa nimesimama dakika moja kabla.

"Shangazi, tutoke!"

"Toka wewe."

Nikatoka kweli, lakini sikwenda getini. Nilikimbia kuzunguka jengo hadi mbele ya katapila, nikapunga mikono yote miwili. Dereva alizima mashine akachomoa kichwa, mwekundu kwa hasira.

"We mtoto umechoka kuishi? Nani kakuingiza humu?"

Ningemtaja Radko angefukuzwa kazi. "Nimeruka ukuta," nikasema. "Mjomba, kuna mtu ndani."

"Mtu gani? Mwizi wa nyaya?"

"Anampiga picha mama yake."

Alinitazama kama mtu anayepima kama nina homa. Nikamwambia haraka haraka: mafuriko, msalaba, kitambaa cha njano. Maneno yaligongana mdomoni. Alipangusa shingo, akatazama saa.

"Bosi anarudi muda si mrefu," alisema. Kisha akapapasa mfukoni. "Bahati yenu sijavuta tangu asubuhi. Sigara moja. Ikiisha nawasha, akiwemo asiwemo."

Nilikimbia kurudi nikipiga kelele, "Sasa! Sasa, shangazi!" Nikasimama mlangoni nikiogopa hata kukanyaga. Zdravka alibonyeza. Alihesabu kwa sauti hadi nane, bila kuharakisha, kwa ile sauti anayotumia kuwaambia wagonjwa wasipumue. Akavuta filamu. Nane nyingine. Ya tatu alipofika sita, mashine ikanguruma.

Saa nane mchana ukuta haukuwepo tena.

Alisafisha filamu bafuni kwake siku ileile, taa imezimwa, upenyo wa chini ya mlango umezibwa kwa taulo. Mimi nilikaa nje kwenye korido nikitafuna kucha, nikisikia maji tu. Aliponiita, filamu ilikuwa inaning'inia juu ya beseni, bado inachuruzika. Kwangu kila kitu kilikuwa kinyume, nyeusi mahali pa nyeupe, sikuelewa lolote. Yeye amesoma filamu za namna hiyo hospitalini miaka thelathini. Alipita zile tatu za mwanzo, ukungu mtupu. Ya nne akasimama.

"Imetoka?" nikauliza. "Shangazi, imetoka?"

Aliisogeza kwenye balbu, akainamisha kichwa huku na huku.

"Imetoka," alisema. "Kila unywele." Kisha akakaa ukingoni mwa bafu. "Lakini mama ni msichana tu, Bilyana. Angekuwa mwanangu huyu. Mtazame, ni mtoto kabisa."