Glasi ya Wageni

Kila kiwanda kina mtu wake wa kuchekwa, na katika kiwanda hiki cha ngozi mtu huyo alikuwa Mama Povu. Akipita getini walinzi huziba pua. "Jamani, mke wa tope huyo!" Naye, kwa kuwa ulimi wake haukuwa na breki, huwajibu: "Zibeni tu. Nikikaa nyumbani siku mbili, mtaziba na macho." Wanacheka, anapita, harufu inabaki.

Kazi yake ilikuwa banda la nyuma, kwenye tangi. Maji yaliyooshea ngozi huingia pale meusi tititi, yana manyoya na vipande vya mafuta. Ndani ya tangi zimesimamishwa sahani za chuma, moja kando ya nyingine kama vitabu kwenye rafu. Mama Povu akiwasha umeme, sahani zinaanza kuliwa polepole, na chuma kinachotoka kinaushika uchafu, chembe kwa chembe, hadi unagandana mabonge. Vipovu vya hewa huyabeba mabonge juu, na hapo ndipo yeye huingia na ubao wake kukwangua povu, asubuhi mpaka jioni, mgongo umepinda. Kila baada ya saa mbili hugeuza waya, ili sahani zote ziliwe sawa. Bombani, upande wa pili, maji hutoka meupe pe.

Na weupe huo ndio uliowapumbaza watu. Aliyemtangulia, mlevi mmoja aliyependa kuchekesha, siku moja alikinga glasi akanywa mbele ya wageni. Wageni wakapiga makofi, bosi akapenda, ikawa desturi: wageni wakija, mtu wa tangi anakunywa glasi, anatabasamu, anapigwa picha. Mlevi alipokufa, bosi akasema ni pombe, na glasi ikarithiwa na Mama Povu.

Lakini Mama Povu si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Aliyaona majani ya kando ya mfereji yalivyokauka, pale pale yalipopita yale maji meupe. Akajiambia: umeme unakusanya uchafu unaoonekana, lakini kilichoyeyuka, kama chumvi kwenye mchuzi, hakipandi na povu. Basi akaficha chupa ya maji ya nyumbani na glasi ya pili kabatini, nyuma ya glovu. Wageni wakija anakinga glasi bombani, anageukia kabati kutafuta kitambaa cha kuifutia, na glasi inayorudi ni nyingine. Miaka tisa alicheza mchezo huo. Hakuna hata tone la kiwanda lililopita kooni mwake, na picha zake zilijaa ukuta mzima wa ofisi.

Haya, mjanja huyo. Sasa sikilizeni ujinga wake.

Alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alipomaliza masomo, mama akamwombea kazi pale pale, ya kuandika vipimo vya tangi. Siku ya kwanza binti akauliza, "Mama, kweli unayanywa haya?"

"Mwaka wa tisa huu. Kwani unaniona nimekufa?"

Alimdanganya kwa sababu binti alikuwa na mdomo usiofungika. Angemwambia leo, kesho kiwanda kizima kingejua, na bosi angewatimua wote wawili. Binti akavimba kichwa kwa fahari. Walinzi wakiziba pua, yeye huwafokea: "Mama yangu anakunywa mnachoogopa hata kukinusa!"

Siku moja wageni wakaja kabla ya siku yao. Mama Povu alikuwa kwa mchomeleaji, akikagua sahani mpya. Asubuhi hiyo hiyo watu wa ghala walikuwa wameosha mapipa ya dawa za ngozi na kumwaga maji yake kwenye mfereji unaoingia tangini, kama walivyozoea bosi akiwa na shughuli. Bosi akaingia na wageni, akauliza, "Mama Povu yuko wapi?"

"Hayupo," binti akajibu. "Lakini hata mimi naweza." Akakinga glasi. Maji yalikuwa meupe pe.

Mama Povu aliingia na sahani begani, akakuta makofi. Binti anajifuta midomo, anacheka. "Mama, yana ladha ya msumari! Mbona hukuniambia?"

Sahani zikamponyoka. Akamshika mkono, akamvuta pembeni. "Tapika. Ingiza kidole, tapika!"

"Kwa nini? Kwani wewe ukinywa hutapika?"

Bosi alikuwa anawatazama. Mama Povu akauachia mkono.

Jioni binti alikuwa hospitali, amejikunja kwa maumivu. Daktari akauliza amekula nini, amekunywa nini. Bosi alikuwa amekuja mwenyewe, na picha kwenye simu. "Maji yetu? Daktari, mama yake huyu hapa, anayanywa mwaka wa tisa. Si ndiyo, Mama Povu?"

Neno moja tu lilitakiwa. Aliiona kazi yake ikienda, akaona aibu, akaziona zile picha zote ukutani.

"Ndiyo," akasema.

Ulaaniwe ulimi huo, uliokuwa na jibu kwa kila mlinzi! Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu hakuficha maradhi yake, alificha ya mwanawe. Daktari akaandika homa ya tumbo, na kwa siku mbili wakatibu homa ya tumbo.

Siku ya tatu binti hakupata hata mkojo, uso umevimba. Mama Povu akamkimbilia daktari kwenye korido, akapiga magoti, akasema yote, chupa na kabati.

"Ungeniambia juzi," daktari alisema. "Sasa figo zimekwisha."

Bosi alipoambiwa hakukasirika hata kidogo. "Kumbe wewe ndiye uliyemdanganya mtoto," alisema. "Mimi sikumtuma anywe. Lakini usijali, kazi yako ipo. Jumatatu tuna wageni."

Jumatatu asubuhi Mama Povu alipitia wodini kwanza. Binti alikuwa amefungwa mipira kwenye mashine iliyomsafisha damu.

"Mama, mbona wewe hayakukudhuru?"

"Sikuwahi kuyanywa, mwanangu. Yangu yalikuwa ya nyumbani."

"Daktari alipokuuliza siku ile, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Binti akavuta shuka hadi shingoni, akageukia ukutani.

"Nenda kazini, mama," alisema. "Wageni wasije wakakungoja."