Kiazi Nilichokikana Kwenye Televisheni

Nakumbuka Jumamosi moja nilipanda juu ya bati la nyumba ya bibi yangu pale Isevya, mjini Tabora, nikautafuna waya wa king'amuzi kwa meno. Mkasi ulikuwepo. Ila mkasi ungeonyesha kwamba waya umekatwa na mtu, na mimi nilitaka lawama imwendee panya, kiumbe asiyeitwa kikaoni kujitetea.

Mwanangu, usicheke bado. Najua upo kidato cha kwanza, na mimi nina miaka kumi na saba. Hata hesabu za kubahatisha hazikubali kwamba nimekuzaa. Lakini mtu aliyeaibika mbele ya nchi nzima huzeeka upesi. Mvi zangu zimeota kwa ndani. Kwa hiyo kunja miguu, nyamaza, msikilize mzee wako kabla kengele ya prepu haijalia.

Aliyenilea ni bibi, mama yake baba, Bi Nyamizi. Kazi yake ni matobolwa. Kama hukukulia kwetu Tabora, nikueleze: viazi vitamu vinachemshwa, vinamenywa, vinakatwa vipande, vinaanikwa juani mpaka vinakuwa vigumu kama kisigino cha babu. Unatafuna na chai ya rangi, taratibu, huku unafikiria maisha. Usije ukayachanganya na michembe, ambayo inaanikwa ikiwa mibichi. Ukichanganya mbele ya bibi, chai hupewi.

Tangu nikiwa mdogo alinisimulia jambo moja wakati anaanika. "Mume wangu," ndivyo alivyoniita, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kiume, "zamani misafara ilipita hapa, inatoka Ujiji, inaelekea Bagamoyo. Wapagazi walibeba nini njiani wale? Matobolwa. Ndiyo hayo yaliyoupa mji huu jina. Matobolwa, Tabora. Akikwambia mtu vingine, mwambie akale michembe." Nimelisikia hilo mara nyingi kuliko wimbo wa taifa.

Basi shule yetu ikapata nafasi kwenye shindano la maswali la televisheni, lile la chemsha bongo ambalo shule mbili zinashindana, kila moja na wanafunzi wawili. Tukachaguliwa mimi na Kabula, msichana wa Nzega mwenye kichwa chepesi na ulimi mfupi. Mimi nilichaguliwa kwa sababu nina mdomo, na mwalimu aliona mdomo nao ni kipaji. Bibi alipopata habari alilia, akacheka, akawatangazia wapita njia. Asubuhi ya safari alinifungia matobolwa kwenye kitambaa, akakaza fundo kwa meno.

Tulipanda treni mpaka Dar es Salaam. Kwenye bweni tulikolazwa, wenyeji wa mjini walifungua begi langu wakitafuta biskuti. Mmoja akainua kipande juu kwenye mwanga.

"Oya, hili ni gome la mti?"

"Huyu kaja na kuni zake!"

Wakacheka. Mwanangu, mimi ndiye huwachekesha watu. Sijazoea kuwa kichekesho. Nikasema, "Si yangu hayo. Kuna bibi mmoja kwenye treni aliniomba nimbebee, akashuka akayasahau." Kisha, ili nionekane mtu wa maana, nikayatupa yote kwenye pipa pamoja na kitambaa chake. Wahenga walisema mkana kwao ni mtumwa. Mimi sikuwa mtumwa tu, nilikuwa nimejiuza mwenyewe, tena bila kuombwa.

Kesho yake tukarekodi. Mataa makali, mtangazaji ana koti linalometameta kama samaki mbichi. Kabla ya maswali alituuliza habari za nyumbani. Kabula akasema wazi, "Wazazi wangu ni wakulima na wafugaji, Nzega." Wakampigia makofi. Zamu yangu ilipofika, nikawaona wale jamaa wa bweni wamekaa mstari wa mbele. Ulimi ukateleza wenyewe: "Ninaishi na bibi. Ni mwalimu mstaafu."

Bibi yangu alisoma mpaka darasa la tatu.

Maswali yakaanza, nasi tukaenda vizuri. Mto gani, sayari gani, gesi gani. Kabula alikuwa anajibu kama anapukuchua mahindi. Tukafika swali la mwisho tukiwa sawa na wapinzani wetu, wasichana wawili kutoka Iringa. Mtangazaji akatabasamu. "Kwa mujibu wa masimulizi ya wenyeji, jina la mji wa Tabora linatokana na chakula gani?"

Kidole changu kilibonyeza kengele kabla akili haijajua. Ilikuwa mazoea tu, kama mtu anavyoitika jina lake. Na sheria yao ni kwamba anayebonyeza ndiye anayejibu.

Kabula akaninong'oneza, "Sema!" Alidhani ninaringa.

Neno lilikuwa limejaa mdomoni. Lakini mbele yangu walikuwa wale wa "gome la mti", na nikajua nikilitamka tu watajua kilichokuwa kwenye begi kilikuwa cha nani. Nikakohoa. Nikasema, "Hapana chakula hapo. Linatokana na jina la Sheikh Tabur."

"Sheikh nani?"

"Tabur. Alichimba visima."

Huyo sheikh, mwanangu, alizaliwa na kufa ndani ya sekunde ile ile, Mungu amrehemu. Mtangazaji akasikitika kwa sauti ya kulipwa, akawageukia wasichana wa Iringa. Mmoja akajibu, "Ni viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa." Ukumbi ukapasuka kwa makofi. Kabati la vitabu lililoahidiwa kwa maktaba yetu likaenda Iringa.

Kwenye treni Kabula alitazama dirishani mpaka tukapita Dodoma. Kisha akaniuliza, "Hivi kile kiazi kilikufanya nini?" Ingekuwa amenitukana ningejua pa kushika.

Kipindi kilikuwa kirushwe baada ya majuma mawili, mwishoni mwa likizo. Siku hizo zote bibi aliniuliza, "Ilikuwaje, mume wangu?" nami nikamwambia ni siri, wametukataza kusema. Ndiyo maana Jumamosi ile nilikuwa juu ya bati na waya mdomoni.

Nilishuka nimefurahi. Bibi akawasha televisheni, ikaandika tu kwamba hakuna mawimbi. Akaitazama, akainama akachukua mkeka. "Hakuna neno. Twende kwa Mzee Ramadhani."

Mzee Ramadhani ni fundi cherehani, jirani yetu, ana televisheni kubwa barazani kwake kwa ajili ya mpira. Kufika, nusu ya mtaa ipo. Bibi alikuwa amewaalika siku tatu nyuma, na hakuja mikono mitupu: alibeba beseni zima la matobolwa awakirimu wageni wake. Akaniketisha ubavuni, mkono wake juu ya goti langu.

Nilipotokea kwenye kioo walipiga vigelegele. Kisha nikajisikia nikisema, "Ni mwalimu mstaafu."

"Shikamoo mwalimu!" akapiga kelele mama mmoja.

"Mwalimu, chaki zetu ziko wapi?"

"Kumbe ndiyo maana unatufokea hivi!"

Bibi akacheka pamoja nao. Ila mkono ukatoka kwenye goti langu, ukaenda kurekebisha mtandio ambao haukuwa umelegea.

Likaja swali la mwisho. Mtangazaji alipotaja Tabora na chakula, na kengele ikalia, na sura yangu ikajaa kwenye kioo, bibi alinyanyuka kabisa kutoka kwenye mkeka. "Hilo analijua!" akasema. "Jamani, hilo analijua! Msikilizeni!"

Wakasikiliza. Sheikh Tabur akapita barazani pale na visima vyake.

Watu walikuwa wanatafuna, mwanangu. Meno yote yakasimama kwa pamoja. Sijawahi kusikia kimya cha namna ile. Ni kimya chenye viazi ndani yake. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nasema dole walau unaweza kulishika ukalia.

Bibi alikaa chini polepole. Akasema, si kwangu, kwa wageni: "Amesahau. Mataa yale ni makali, yanachoma kichwa. Hata mimi ningesahau." Akasukuma beseni mbele. "Kuleni, jamani." Nami nikauacha uongo ule unifunike kama shuka la kuazima.

Jumapili nilikuwa narudi shuleni. Bibi alikuwa ameshaniwekea kifurushi mlangoni, kina mkate wa dukani, ule wa maziwa, kwenye mfuko wake wa nailoni.

"Shabani," akaniita. Jina langu lote, kama linavyosomwa kwenye orodha ya mahudhurio. "Nimekununulia mkate. Huu hautakuaibisha mbele ya wenzako."

Hakusema kwa hasira. Ningejua la kufanya na hasira, hasira ina utani wake. Nilitoka na ule mkate, nikafika kwa Mzee Ramadhani, miguu ikagoma. Alikuwa kwenye cherehani, pini zimejaa mdomoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Jana sikusahau. Nilikuwa najua."

Akatoa pini, moja moja, akazichoma kwenye kitambaa. "Hilo tunalijua. Kuna mtoto wa Isevya wa kusahau hilo?"

"Mbona hamkusema kitu?"

"Bibi yako alipita kila nyumba jana hiyo hiyo, akatuomba tusikuulize." Akaingiza uzi kwenye sindano. "Sasa kamwambie mwenyewe. Mimi nina suruali za watu hapa."

Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Siku zote nilidhani ni mfano tu. Kumbe walimaanisha mimi. Nilirudi. Bibi alikuwa uani anageuza viazi kwenye mkeka, kipande kimoja kimoja. Nikachuchumaa, nikamwambia yote: bweni, gome la mti, mwalimu mstaafu, Sheikh Tabur, hata waya. Hakuinua kichwa. Akageuza mstari mzima. Mwisho akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Na yale niliyokufungia, uliyala?"

Uongo ulikuwepo, tayari, mtamu. Ningesema ndiyo tu, ingekwisha.

"Niliyatupa, bibi."

Mkono wake ukatulia juu ya mkeka.

"Nilikuchagulia yale manene," akasema.

Mwanangu, mimi nina jibu la kila kitu. Walimu wanajua, na wewe umeshawahi kuchapwa kwa sababu ya kucheka majibu yangu. Siku ile nilinyoosha mkono kwenye mkeka. Nilikaa nikageuza viazi naye mpaka gari la shule likaniacha, na hakuniambia nimesamehewa, nami sikuthubutu kuomba.

Sasa nasaha yenyewe, maana kengele itatukatiza. Mwezi ujao utaingia ukumbini kwenye mchujo wa shindano, na nimekusikia ukikariri miji mikuu ya nchi ambazo hata wenyewe hawazijui. Kariri, ni vizuri. Lakini swali gumu kuliko yote litakuwa la vitu ulivyokulia navyo, na litakuja mbele ya watu unaotaka wakupende. Wakikuuliza kwenu mnakula nini, taja jina lake lote, hata likiwa refu na likinuka moshi. Wakikuuliza anayekulea anafanya kazi gani, usimpandishe cheo. Ukimpandisha, umeshamwambia kwamba alipo hapatoshi, na yeye yupo mahali amekaa anakusikiliza. Na ukishateleza, usingoje mtu akufichie. Nenda kaseme mwenyewe, mapema, ungali na uso wa kwenda nao.

Haya, inuka. Mungu akupe swali unalolijua, akupe na koo la kulitamka wenzako wakicheka. Na aliyekufungia chakula cha njiani, amrefushie siku zake, akusikie siku utakapojibu vizuri.