Sanduku la Damu Lililopokelewa kama Samaki

Nilitoka Bukoba kwa sababu moja: kufikisha damu ya kitovu Kampala ikiwa hai. Dada yangu Rehema alijifungua alfajiri, akanipa damu hiyo baada ya kuzozana na mama mkwe wake, aliyetaka kila kitu kizikwe pamoja na kondo ya nyuma. Ndani yake mlikuwa na chembe shina, zile zinazoweza kugeuka chembe nyekundu au askari wa kinga. Nilitaka kuona jinsi maikroRNA, vinyuzi vifupi mno vinavyonyamazisha baadhi ya maagizo ya jeni, zinavyozielekeza kwenye kinga. Zikifika hai, ningepata nafasi katika maabara ya Daktari Akello.

Mutukula, mpakani. Afisa alitaka kulifungua sanduku la baridi nililobebea damu. Nilimweleza habari za chembe shina. Akanisikiliza kama hotuba ya harusi, kisha akanirudisha mwisho wa foleni. Nilichemka kwa hasira.

Kampala, wakati wa magharibi. Maabara imeshafungwa! Nikaenda Mbuya kwa Mama Zubeda, Mnubi, rafiki wa shangazi yangu.

"Mama, sanduku hili lisifunguliwe."

"Kale, sawa, mwanangu. Wewe kula, lala."

Asubuhi sanduku halikuwepo.

"Iko kwa friza," alisema kwa fahari. "Mimi sikufungua hata kidogo. Samaki ya Bukoba inataka barafu."

"Samaki gani, Mama? Ni damu!"

"Banange! Mgeni ya ziwa analeta sanduku ya baridi, mimi nitajua ni damu?"

Nilitaka kulia. Nikanywa chai yake nimenuna.

Maabara, saa nne. Daktari Akello aliinua macho kutoka kwenye hadubini.

"Pole, nyabo, dada yangu. Barafu imepasua chembe zote. Hizi haiwezi kuwa askari tena."

"Na maikroRNA?"

"Hizo ni sugu. Tunaweza kusoma gani zilikuwa ndani, lakini kazi yake hatuwezi kuona. Leta damu ingine, hai. Nafasi yako itangoja."

Itangoja! Damu ya kitovu haichotwi mara mbili kwa mtoto mmoja.

Bukoba tena. Rehema alikuwa akinyonyesha.

"Zilifika hai?"

Nikamsimulia yote. Alikasirika, halafu akaniuliza, "Mwenyeji wako ulimpelekea zawadi gani?"

Nilikwenda mikono mitupu.

Basi nilichojifunza ni hiki: ningembebea Mama Zubeda sangara mmoja tu, friza yake ingepata cha kugandisha.