Viganja vya Mdogo Wangu

Sisi watoto wa wafinyanzi wa ufukweni mwa Nyasa tulishinda na mikono iliyopauka kwa udongo. Kwa hiyo mdogo wangu alipoanza kupauka viganja, nani angeshtuka? Mama alimpeleka ziwani akamsugua, akamsugua tena, akamgombeza mtoto wa watu kwamba hatakati. Enzi hizo Wadachi, hao Wajerumani, ndio watawala, na majirani wenye maneno yao wakanong'ona kuwa mtoto ana damu ya Kidachi. Upuuzi mtupu! Alizaliwa mweusi kama mimi.

Mimi kilichonitia hofu ni kwamba aliacha kukimbia. Alikaa tu, na akitoka jikoni kuja uani alihema. Mama akambeba mgongoni hadi misheni, nami nikafuata kwa kiherehere changu. Mama wa Kizungu aliyetibu pale hakuhangaika na viganja. Alivuta kope ya chini ya jicho, na ndani, badala ya wekundu, palikuwa peupe. Akauliza, kwa Kiswahili cha kuokoteza, kama mtoto anakula udongo.

Mama akajibu kwa fahari: "Hali. Anauonja."

Kwetu mfinyanzi hutia udongo mdomoni, akautafuna kidogo, asikie kama una mchanga, maana mchanga ukizidi chungu hupasuka motoni. Mdogo wangu aliiga, na mama alifurahi mno, akitangaza kwamba huyu kazaliwa mfinyanzi. Kumbe mwenzetu hatemi, anameza.

Yule mama wa Kizungu akasema wazi kwamba damu imempungua mtoto, na akiendelea hivyo atakufa. Akatoa dawa ya minyoo, akaagiza mboga za majani na maini.

Basi nikawa kero. Nilivuta kope za kila mtu nyumbani, za bibi, hata za mbuzi, nione wekundu. Na swali likanikaa: udongo ndio ulimpausha, au kupauka ndiko kulimtia hamu ya udongo? Niliuliza mpaka nikafukuzwa. Sijui hadi leo.

Mama aliuhamishia udongo wote kwa shangazi. Vyungu tulivyozoea kubadilisha kwa mpunga na ndizi akavitoa kwa maini, kila aliposikia ng'ombe kachinjwa. Na kila asubuhi alimvuta mtoto kope. Mtoto alimwachia tu, hana nguvu hata ya kulia.

Halafu asubuhi moja akachoka kuvutwa jicho, akamzaba mama kofi la haja. Nikangoja achapwe. Mama alikaa chini palepale, kashika shavu, machozi yanamtoka.

"Nipige tena, mwanangu," akamwambia.