Bruda Aliyetumwa Guangzhou Kutafuta Lenzi

Mimi ni mtawa, na miaka yote niliyofundisha fizikia katika sekondari yetu nje kidogo ya Njombe, mwanga nimeufundisha kwa chaki. Nachora mshale unaingia kwenye lenzi, mshale unatoka, wanafunzi wananakili, mtihani unakuja. Lenzi yenyewe hakuna aliyewahi kuishika. Na mimi huyo huyo ndiye ninayewachosha kwa habari za watawa wa zama za kati, ombaomba wenye kanzu kama yangu, walioshikilia kwamba hoja peke yake haitoshi. Unaweza kumthibitishia mtu kwa maneno kuwa moto unaunguza, lakini roho yake haitulii mpaka auone ukiunguza. Mmoja wao alijaza maji kwenye chupa ya duara, akaitazama kama tone kubwa la mvua, akaanza kuelewa upinde wa mvua unatoka wapi. Mwingine aliwalilia wakubwa fedha za vioo na lenzi, wakamwona msumbufu.

Yangu hayakuwa mbali na hayo. Padre Venansi, mkuu wa nyumba yetu, si mtu mbaya, ila maabara huiona kama michezo. Waumini walipochanga fedha za lenzi, aliniita ofisini.

"Nenda Uchina ukanunue hivyo vioo vyako," alisema. "Vikifanya kazi, karakana ya zamani nakupa iwe maabara. Visipofanya kazi, Bruda, utakwenda kwenye ng'ombe. Bruda wa maziwa amezeeka."

Nilijua hatanii. Ng'ombe nawapenda wakiwa mbali. Darasa ndiyo maisha yangu, na niliondoka na hofu ya kulipoteza.

Guangzhou nilifika asubuhi, mvua ya rasharasha ikinyesha. Mama Upendo alikuwa ananisubiri uwanja wa ndege. Ni mfanyabiashara wa Mbeya, dada wa muumini wetu mmoja, ambaye hununua nguo huku na kuzituma nyumbani kwa kontena. Alinipeleka Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi, kwenye mgahawa wa ghorofani kando ya barabara ya Huanshi Zhonglu, tukala wali maharage. Meza ya pili Wakenya walikuwa wakibishania bei ya simu, na kwa muda nikasahau kabisa niko Uchina.

Kesho yake tulikwenda kwenye duka la lenzi. Hapa lazima msomaji ajue kwamba mtawa mwenye nadhiri ya ufukara hanunui kitu. Sabuni anapewa, viatu anapewa. Kwa hiyo laoban, yaani bosi wa duka, alipotaja bei, nilimshukuru. Mama Upendo akanifinya.

"Bruda, hapa hatushukuru. Sema tai gui, ghali mno, halafu geuka kama unaondoka."

"Lakini mimi sijui kama ni ghali, Mama Upendo. Nitakuwa nasema uongo."

"Basi nyamaza, niseme mimi. Mimi sina nadhiri."

Walipokuwa wanavutana, nilichukua lenzi moja kwenye rafu, nikaielekeza mlangoni na kuweka karatasi nyuma yake. Barabara nzima ikatua pale, mabasi yakipita miguu juu, kila dirisha likionekana. Nilifurahi kama mtoto.

"Umejaribu?" Mama Upendo aliuliza.

"Nimejaribu," nilijibu, kwa sauti ya mwalimu. Maboksi yalitoka nyuma ya duka yakiwa yamefungwa, tukayabeba.

Mchana tulikuwa stoo kwa ajenti wa mizigo. Kontena hulipiwa kwa nafasi, si kwa uzito, kwa hiyo wafanyabiashara wetu hufungua kila boksi, hutupa makaratasi, na vilivyomo huvisokomeza katikati ya marobota ya nguo. Mama Upendo alianza kuzivingirisha lenzi zangu kwenye suruali zake za jinsi. Nami kwa kutamba tu nilichukua moja nimwonyeshe dirisha la stoo kwenye kiroba cheupe. Halikutokea dirisha. Kulitokea doa la mwanga lililovurugika, kama uji uliomwagika. Nikachukua ya pili, ya tatu. Uji.

Watu wanaowachunguza wale watawa wa kale wanasema baadhi yao waliandika kuwa wamejaribu mambo ambayo kumbe waliyasoma tu. Darasani huwa nawacheka. Nami nilikuwa nimejaribu lenzi moja, nikaziapia zote.

"Bruda, gari linaenda Nansha bandarini sasa hivi," ajenti alisema. "Tupakie ama tusipakie?"

"Pakia tu," Mama Upendo alininong'oneza. "Huyo padre wako ataona ni lenzi, basi. Na huyu laoban ni shemeji wa anayeniuzia jinsi. Ukienda kumfokea umeniharibia mimi."

Nasema kweli, nilishawishika. Maboksi yangefika, karakana ningepewa. Lakini wanafunzi wangeinua ule uji dirishani, nami ningerudi kuwachorea mishale na kuwaambia waniamini.

"Toa za kwangu," nilisema. "Na sitamfokea."

Gari liliondoka na jinsi peke yake. Njia nzima ya kurudi dukani Mama Upendo alinitangulia, amenuna.

Laoban alitusikiliza kupitia simu yake inayotafsiri. Alisema wateja wake hununua zile za maboksi kwa mapambo na wanasesere, na hakuna aliyewahi kumwomba lenzi ya kuonyesha basi linalopita barabarani. Nilimwekea lenzi ya rafuni mkononi, nikamwonyesha jinsi ya kuielekeza. Basi jekundu lilipita kichwa chini juu ya kiganja chake. Alicheka, akamwita mkewe, kisha akamwaga maboksi yote sakafuni. Tulikaa chini wote wanne tukijaribu moja moja, Mama Upendo naye akipiga kelele "Hii! Hii!" kila alipopata nzuri, kinyongo kimemwisha. Zilizofaulu zilijaa soksi moja. Nyingine laoban alizipokea tena, akaturudishia fedha zake.

Safari ya kurudi sikuifurahia. Soksi ile niliipakata ndani ya ndege, nikiwaza ng'ombe.

Njombe nilifika jioni, na Padre Venansi alikuwa chumba cha kulia.

"Hivi tu?" aliuliza, akiitazama soksi.

"Hizi ndizo nilizojaribu, Padre. Kila moja."

Nilitaka kumweleza mengi, kwamba neno "nimejaribu" ni zito kuliko nilivyokuwa nikilifundisha, na kwamba waliotutangulia katika kanzu hii walilitafuta kwa shida na wakati mwingine walianguka kama mimi. Badala yake nilimpa lenzi moja na kumsogeza ukutani, mkabala na dirisha. Uwanja, kanisa na wavulana waliokuwa wakicheza mpira vilining'inia kichwa chini ukutani.

"Kwa nini wamepinduka?"

"Isogeze, Padre. Mbele, nyuma. Utaona."

Kengele ya masifu ya jioni ililia, nikamwacha pale. Kanisani kiti chake kilibaki kitupu, na kwetu zaburi haianzi bila mkuu, kwa hiyo tulikaa tukitazamana. Alipoingia hatimaye, alinipitia kwanza mimi, akaniwekea mkononi ufunguo wa karakana, ndipo akaanzisha zaburi. Lenzi hakunirudishia.