Msiba wa Texas

Jamani, bora mnisikie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine.

Namhudumia mzee mmoja Mmarekani hapa Thornton Heath, anaishi peke yake. Juzi asubuhi nilimkuta amefunga mapazia na kuwasha mshumaa. "Watu wetu wa Texas waliuawa," akaniambia, machozi yakimlengalenga. "Ngome nzima." Kwa jinsi risasi zinavyolia kule kwao, sikuuliza zaidi.

Kwetu Moshi mfiwa haachwi peke yake. Hapa London anaachwa: mama yangu alipozikwa mwezi uliopita nilikuwa kazini, na sikumwambia mtu. Basi nikampigia Mama Neema wa kanisani. Akaja na wenzake wawili, khanga viunoni, na sufuria la pilau. Tukasogeza makochi, tukatandika mkeka, tukaimba. Mimi nililia kuwashinda wote, mpaka kamasi. Mzee alitutazama mmoja mmoja, kama mtu ambaye siku nyingi hajabishiwa hodi.

Mama Neema akamuuliza kwa upole marehemu ni akina nani, tuwaombee kwa majina.

"Mashujaa wa ngome ya Alamo," akasema. "Waliuawa na jeshi la Meksiko mwaka 1836. Kila mwaka huwa nawakumbuka peke yangu. Asanteni sana kwa kuja."

Wale wawili wakajiziba midomo kwa khanga, mabega yakitikisika kwa kicheko. Mama Neema hakucheka. Alinisogelea, akaninong'oneza:

"Mdogo wangu, sasa wewe kilio chote kile ulikuwa unamlilia nani?"